Kilo 91 na nishani ya Olimpiki: Je, huyu ni mnene?

Tuseme mwanamke wa kilo 91, mwenye urefu wa mita 1.78, ameingia kliniki. Muuguzi anagawanya kilo hizo kwa urefu, kisha kwa urefu tena, na kupata karibu 29. Kwenye chati ya ukutani, kuanzia 25 ni uzani uliopita kiasi na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Bila shaka ataambiwa apunguze chapati.

Mwanamke wa vipimo hivyo yuko. Ni Ilona Maher wa Marekani, aliyezaliwa 1996. Mnamo Julai 30, 2024, mjini Paris, yeye na wenzake waliishinda Australia 14-12 na kutwaa nishani ya shaba katika raga ya wachezaji saba kila upande, nishani ya kwanza ya Marekani ya mchezo huo kwenye Olimpiki. Mamilioni walimpenda kwa kanda zake fupi za mzaha mitandaoni. Alipojiunga na Bristol Bears ya Uingereza, pambano lake la kwanza, Januari 2025, lilihamishiwa uwanja mkubwa zaidi kwa wingi wa waliotaka tiketi.

Kabla ya michezo hiyo ya Paris, mtu alimkejeli kwa sababu ya kipimo hicho, kiitwacho BMI. Maher, ambaye alisomea uuguzi, hakukana. Alisema maisha yake yote amehesabiwa kuwa mzito kupita kiasi. Lakini kati ya kilo hizo, alieleza, kama 77 si mafuta: ni misuli, mifupa na vinginevyo. Tena yeye alikuwa anakwenda Olimpiki, mkejeli haendi!

Hapo namuunga mkono. Kanuni hiyo ilibuniwa karne ya 19 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu, wala si daktari, aliyekuwa akichunguza umati wa watu. Mizani haitofautishi paja la msuli na kitambi. Msichana mwenye mabega mapana asiondolewe uwanjani kwa ajili ya chati.

Lakini wewe dada unayesoma haya ofisini, usikimbilie kusema nawe ni Ilona. Mchezo wake ni vipindi viwili vya dakika saba za kukimbia na kuangushana kwenye uwanja mzima wa raga, mbali na mazoezi ya kila siku. Wewe unashuka matatu na kuingia kwenye lifti. Kwa wengi wetu, 29 ni mafuta kweli, na yale yanayozunguka matumbo na ini ndiyo huandamana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Azima utepe wa fundi cherehani. Pima kiuno katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Mwanamke akizidi sentimita 80 ajihadhari. Akipita 88, au mwanamume akipita 102, aende akapimwe sukari na shinikizo la damu hata kama hajisikii mgonjwa. Waja wazito hawahusiki na utepe huu.