Neno Linapopita Kwenye Waya za Sauti

Anayefungua mchoro mpya wa Pure Data, programu ya kutengenezea sauti, kwa mara ya kwanza hukuta ukurasa mweupe usio na kitu. Kila kitu atakijenga mwenyewe. Anaweka kisanduku, anakiandika osc~ 440, anavuta waya hadi *~ 0.1 ili sauti isimpasue masikio, kisha anaumalizia kwenye dac~. Akiwasha sauti, papo hapo spika inatoa mlio wa mitetemo 440 kwa sekunde. Hadi hapo kazi ni nyepesi. Ugumu huanza siku anapotaka programu hiyo hiyo ishughulike na maneno.

Chanzo chake kiko kwenye historia. Mwaka 1957, Max Mathews wa maabara za Bell nchini Marekani aliifanya kompyuta ya IBM 704 ipige muziki. Katikati ya miaka ya 1980 Miller Puckette, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa muziki cha IRCAM mjini Paris, aliandika programu ya visanduku na waya akaiita Max kwa heshima ya mtangulizi wake. Miaka ya 1990 akaandika nyingine, Pure Data, ambayo hadi leo hutolewa bure. Programu hizi ziliundwa kwa ajili ya namba zinazokwenda mbio: sauti ya ubora wa CD huhitaji namba 44,100 kila sekunde kwa kila spika. Maandishi hayakuwa shughuli yao kuu.

Ujumbe unaopita kwenye waya za Pure Data huundwa kwa vipande, na kwa kawaida kipande ni namba au simboli. Simboli ni neno zima lisilogawanyika. Programu ikikutana na neno jipya hulisajili mara moja kwenye orodha yake, na tangu hapo hupitisha anwani ya neno hilo, si herufi zake. Ni kama abiria anayelitambua basi lake kwa kibao cha mbele: hana haja ya kusoma herufi moja moja. Mpango huu una faida kubwa, kwani kulinganisha majina mawili hufanyika kwa hatua moja tu na sauti haikatiki.

Hasara yake huonekana kwenye mambo madogo. Mtu ana faili liitwalo ngoma ya asubuhi.wav na anaandika jina hilo kwenye kisanduku cha ujumbe. Kwa Pure Data, nafasi kati ya maneno ni mpaka, hivyo jina moja linageuka vipande vitatu. Kisanduku cha soundfiler kitatafuta faili liitwalo ngoma, kisha kitayachukua maneno yanayofuata kuwa majina ya majedwali ya kuhifadhia sauti. Dawa ni kutanguliza alama ya \ kabla ya kila nafasi, au kutumia openpanel, ambayo hufungua dirisha la kuchagua faili na kutoa jina lote likiwa simboli moja. Namba nazo zina vituko vyake: anayeandika 007 ataambulia 7.

Kwa majina yanayofuatana kuna makefilename. Kisanduku kikiandikwa makefilename pigo-%d.wav na kupelekewa namba 3, hutoa pigo-3.wav. Kwa njia hiyo, mpiga ngoma mwenye mafaili 40 ya midundo huita lolote kwa kubadili namba tu.

Je, akitaka kuingia ndani ya neno lenyewe? Hapo kuna list fromsymbol, inayolivunja neno kuwa namba za herufi zake. Neno sauti hutoka hivi: 115, 97, 117, 116, 105. Namba hizo zikihifadhiwa kwenye jedwali, metro, kisanduku cha kutoa mapigo ya muda, inaweza kuendesha usomaji wake moja baada ya nyingine. Kila namba ikipunguzwa 48 na kupitishwa kwenye mtof, kisanduku kinachogeuza noti kuwa mitetemo, herufi u inakuwa noti ya 69, yaani mitetemo 440 ile ile, na i inashuka hadi 220. Neno limekuwa wimbo wa noti tano. Kazi ya kinyume, ya kuunganisha namba ziwe neno, hufanywa na list tosymbol.

Hata hivyo, orodha ile ya maneno haifutwi hadi programu izimwe. Kazi ya maonyesho inayokaa wiki nzima ikitunga majina mapya kila sekunde itaendelea kula kumbukumbu ya kompyuta kidogo kidogo. Wazoefu hubakiza maandishi katika hali ya namba kwa kadiri wanavyoweza, na kuunda simboli pale tu inapohitajika.

Maandishi marefu yana kisanduku chao, text define, ambamo kila mstari humalizika kwa nukta-mkato. Text search hutafuta mstari unaotakiwa, na text sequence huisoma mistari kwa mpangilio, jambo linalowafaa watunzi wanaoandika noti za wimbo mzima mahali pamoja.

Michoro yenyewe ya visanduku na waya nayo huhifadhiwa kama maandishi matupu. Faili la .pd likifunguliwa kwa programu yoyote ya kuandikia huonyesha mistari kama #X obj 50 50 osc~ 440; ambapo 50 mbili ni mahali kisanduku kilipo kwenye ukurasa, na #X connect 0 0 1 0; ambao ni waya kutoka kisanduku cha kwanza kwenda cha pili. Ndiyo maana mtu anayejua Python anaweza kuandika programu fupi ikamtengenezea visanduku mia, kila kimoja na waya wake, bila yeye kugusa kipanya.