MAJI YA UDHU NA WAKULIMA WA ULUGURU

Sehemu kubwa ya maji tunayotawadhia hapa Dar es Salaam hutoka mto Ruvu, ambao matawi yake mengi huanzia milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mteremko ukilimwa ovyo, mvua huzoa udongo: mkulima hupoteza rutuba, nasi huletewa matope.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na udongo wa juu wenye rutuba ukafukiwa chini, hata mazao yakawa haba. Mwaka 1955 wananchi waliyapinga kwa ghasia.

Katika miaka ya 2000, wakulima wa Kibungo waliingia kwa hiari katika mpango wa kulipwa na watumiaji wa maji. Wakachimba matuta, wakatia samadi, wakapanda miti pamoja na majani ya kushika udongo.

Tunajifunza nini? Jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni mashauriano, jambo ambalo dini yetu imetuhimiza. Basi nasi tusifanye israfu tunapotawadha, kwani maji hayo yana jasho la watu.