Tone la damu la zahanati na wasomaji wa vinasaba vya malaria

Wazee wa Mwazye, wilayani Kalambo, wameshabadilishiwa dawa ya malaria mara mbili. Klorokwini, ile chungu iliyowawasha wengi mwili mzima, iliondolewa mwaka 2001. Ikaja SP, nayo haikudumu. Mwaka 2006 serikali ikaamua kuingiza dawa mseto, ALu. Sababu ilikuwa ile ile: vimelea vilikuwa vimeizoea dawa, na tulikuja kujua wakati wagonjwa tayari wanameza bila kupona. Safari hii tunaweza kujua mapema, na kazi kubwa iko mikononi mwa watu ambao pengine hawajawahi kumpima mgonjwa. Wanakaa mbele ya kompyuta.

Fani yao ni bioinfomatiki, yaani kuchambua data za vinasaba kwa kompyuta. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kina vinasaba vyenye herufi takriban milioni 23, zote zikiwa A, T, G na C. Mashine ya kusoma vinasaba haizitoi kwa mfululizo. Inamwaga vipande vifupi kwa mamilioni, vimechanganyika, vingine vina makosa. Mtaalamu hutumia programu kuvipanga kwa kuvilinganisha na jenomu (mpangilio kamili wa vinasaba) ya kimelea hicho iliyochapishwa mwaka 2002, kisha anatafuta palipobadilika. Badiliko linaloitwa R561H ni la herufi moja tu kwenye jeni ya kelch13: palipokuwa na G pamekuwa na A. Herufi hiyo moja inatosha kumfanya mdudu achelewe kufa anapokutana na artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto.

Na R561H iko hapa Tanzania. Mradi wa MSMT, unaofuatilia vinasaba vya malaria nchini na kuongozwa na Deus Ishengoma wa taasisi ya utafiti wa tiba, NIMR, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani, ulichunguza sampuli za mwaka 2021 kutoka mikoa 13. Kagera ilikutwa na badiliko hilo katika asilimia 7.7 ya sampuli, nyingi zikitoka Karagwe, jirani na Rwanda ambako lilikuwa limeshagunduliwa. ALu bado inaponya. Ila vimelea vinavyochelewa kufa ni dalili ya kwanza ya usugu wa dawa, na Kalambo inapakana na Zambia. Mdudu haonyeshi hati ya kusafiria.

Sampuli yenyewe ni kitu kidogo sana. Mhudumu anachoma kidole, anadondosha damu kwenye karatasi ya kuchuja, anaiacha ikauke, anaifunga katika kimfuko chenye punje za kunyonya unyevu. Haihitaji jokofu. Ndiyo maana hata zahanati isiyo na umeme wa uhakika inaweza kushiriki katika sayansi hii.

Damu ya kidole hicho hicho inatumika kwenye kipimo cha haraka, na hapa ndipo viwanda vinapoingia. Vipimo vingi vya haraka hutafuta protini iitwayo HRP2. Kuna vimelea vilivyopoteza jeni inayoitengeneza: mtu anaumwa, kipimo kinasema hana malaria. Eritrea ililazimika kubadili vipimo mwaka 2016 kwa ajili hiyo. Nchini Tanzania upungufu huo umekutwa kwa nadra sana, habari njema ambayo tusingekuwa nayo bila wasomaji wa vinasaba. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadili kipimo pale wagonjwa wanaokosewa kwa sababu hiyo wanapofikia asilimia 5. Mtengenezaji hawezi kujua atengeneze kipimo gani, wala Wizara inunue kipi, mpaka mtafiti aseme, na mtafiti hasemi kitu bila kijana aliyefundishwa kuchambua data.

Nani anawafundisha? Mtandao wa bioinfomatiki wa Afrika, H3ABioNet, ulioanza mwaka 2012 chini ya Nicola Mulder wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulikuwa na tawi katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, MUHAS. Mwaka 2016 ulianzisha kozi ya utangulizi iliyopokea wanafunzi 364 katika taasisi 20 za nchi 10 za Afrika: mihadhara ya video, darasa la kweli, na msaidizi aliye karibu anayejibu maswali. Mpango huo ulikuwa wa busara, kwa sababu haukumtaka kijana ahame nchi ili asome.

Kinachonitia wasiwasi ni kinachofuata baada ya mafunzo. Mashine na kemikali zake tunaagiza nje, miradi inalipiwa na wafadhili wa nje, na mradi ukiisha kijana huyo anatafuta ajira kwingine. Makampuni yanayotuuzia vipimo, dawa na mbegu yana faida ya moja kwa moja katika kazi yake, na yanapaswa kuchangia mishahara na mafunzo kwa vitendo. Mbegu nazitaja makusudi: ugonjwa wa mahindi uliozuka Bomet, Kenya, mwaka 2011 ulithibitishwa kwa usomaji wa namna hii, na mkoa wetu wa Rukwa unaishi kwa mahindi.

Huku kwetu, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, baridi hupunguza mbu, hivyo wengi huipata malaria wanaposhuka Bonde la Ziwa Rukwa au Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Ukifika zahanati na homa, mweleze mhudumu ulilala wapi wiki zilizopita. Mashine itasoma herufi zote za mdudu, lakini haiwezi kujua ulikoumwa na mbu. Hilo huandikwa kwa kalamu, pembeni ya tone la damu. Na dozi ya ALu ni mara 2 kwa siku, siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta, hata kama homa imeshuka siku ya pili.