Limo ya Harusi: Ipime Kabla Hujalipa

Mercedes W123 ndefu zipo kweli, tuelewane. Kiwanda chenyewe kiliziuza, sentimita 63 zaidi ya saluni ya kawaida. Lakini nyingine ni saluni zilizokatwa katikati na kuchomelewa gereji, halafu unaambiwa "limo orijino" kwa bei ya kutisha.

Basi beba futi. Pima toka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma: saluni ni milimita 2,795, ndefu ya kiwanda 3,425. Ikiwa vinginevyo, uliza nani kairefusha. Soma na namba ya chasisi. Ikianza WDB123123, ilizaliwa 240D ya kawaida. Zulia nalo lifunue.

Shoga yangu anaolewa Nduguti, kamati ikanituma nikague limo yao. Futi ikasoma 3,200, na chini ya siti ya nyuma mshono umeota kutu. Barabara ya vumbi, bibi harusi ndani? Nikawaambia wachukue Noah. Bwana harusi kaninunia mpaka leo, na anune tu.

Ila ukikutana na yenye milango sita, kwanza tafuta kibati cha Binz wa Ujerumani. Hiyo ni adimu, mpenzi. Lipa advansi siku hiyohiyo!