Daktari Mtarajiwa na Tiketi ya Copenhagen

Kijana wa Kitanzania aliyemaliza kidato cha sita na PCB (fizikia, kemia na biolojia), akipata nafasi Muhimbili, anaanza udaktari moja kwa moja: miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Marekani njia hiyo ni ya wachache mno. Walio wengi husoma shahada ya kwanza miaka minne, ndipo waombe shule ya tiba, nayo ina minne yake. Watoto wa Waswahili waliokulia Minnesota au Texas wanalijua vizuri swali la shangazi kwenye simu: mwaka wa tatu huu, udaktari unaanza lini?

Hiyo miaka minne ya kwanza ni ya maandalizi, wala si kozi yenye jina lake. Mtu anaweza kusomea historia au muziki, ili mradi njiani apitie biolojia, kemia na fizikia pamoja na maabara zake, na siku hizi baiokemia pia. Chuo hichohicho, wakati huohuo, kinambandikia ukutani picha za Copenhagen na Nairobi: nenda kasome muhula mmoja nje, upanue macho.

Si muda unaobana sana. Kinachobana ni mfuatano. Kemia ya jumla huchukua mihula miwili na kwa kawaida humaliza mwaka wa kwanza. Inafuata kemia ya misombo ya kaboni, mihula miwili mingine, ambayo sehemu yake ya pili haisomeki bila ya kwanza. Baiokemia inasubiri nyuma yake. Katika vyuo vidogo, sehemu ya kwanza hufundishwa muhula wa Septemba tu. Anayepanda ndege Septemba hiyo ya mwaka wa pili hajapoteza miezi minne. Amepoteza mwaka, kwa sababu treni inayofuata itapita Septemba nyingine.

Basi kwa nini asiisome kemia hukohuko? Kwa sababu shule nyingi za tiba zinataka masomo hayo ya msingi yawe yamesomwa katika chuo cha Marekani. Isitoshe, AMCAS, mfumo ambao shule nyingi za tiba huutumia kupokea maombi, hauhakiki alama zilizotolewa moja kwa moja na chuo cha nje. Wajanja hubeba masomo mengine: lugha, sosholojia, historia ya tiba, maadili. Huko Copenhagen, taasisi ya DIS, inayopokea wanafunzi wa Kimarekani tangu 1959, ina hata masomo ya magonjwa na matibabu yanayofundishwa na madaktari. Chuo Kikuu cha St. Lawrence cha jimbo la New York kimekuwa kikileta wanafunzi wake Kenya tangu 1974; wanaishi na familia na kujifunza Kiswahili, jambo litakalomfaa daktari kuliko anavyodhani akiwa bado na miaka 20.

Dirisha ambalo wengi hulitumia ni mwaka wa tatu. Lakini hapo kuna mtego mwingine. Anayetaka kuingia shule ya tiba mara tu baada ya kuhitimu hutuma maombi mwanzoni mwa kiangazi, mwaka wa tatu ukiisha, na kabla ya hapo awe na mpango wa MCAT, mtihani wa kuombea shule ya tiba, wa saa saba na nusu ukijumlisha mapumziko. Muhula wa pili wa mwaka huo, ule wa safari, ndio uleule wa kukesha na mazoezi ya mtihani. Ndiyo maana wengi huahirisha maombi kwa mwaka mmoja au zaidi, wakafanya kazi ya maabara au kliniki katikati. Siku hizi hilo halishangazi mtu; walioanza shule ya tiba bila pengo lolote ndio wachache.

Kuna jambo zito kuliko ratiba. Mgeni aliyevaa koti jeupe katika zahanati yenye tabibu mmoja huitwa daktari kabla hajafungua mdomo. Mama aliyelala kitandani hawezi kujua kwamba huyu bado hajamaliza fizikia. Baadhi ya wanafunzi wamewahi kukabidhiwa sindano, wakapokea, kisha wakaliandika tukio hilo kwenye maombi yao kama sifa. Mwaka 2011, AAMC, jumuiya ya shule za tiba za Marekani, ilitoa mwongozo ambao msingi wake ni mwepesi: usichoruhusiwa kumfanyia mgonjwa kwenu, usikifanye kwa watu. Kuangalia, kuuliza na kumsikiliza muuguzi vinatosha, na kwenye fomu ya AMCAS, ambako shughuli nyingi hupewa nafasi ya herufi 700 tu, mazungumzo hayo na muuguzi yanasomeka vizuri kuliko sindano.

Kinachobaki ni begi. Kitabu cha MCAT ni kizito, kinakula kilo za mzigo, na mara nyingi hurudi kutoka Copenhagen kikiwa kimefunguliwa kurasa ishirini za mwanzo. Wanaojijua hukiacha nyumbani.