Njia Nayo Ina Haki Yake



Siku hizi baraza za mji wetu wa Lamu hazina mazungumzo mengine ila pikipiki. Majuzi, baada ya swala ya Alasiri, pale Mkunguni mbele ya Ngome, wazee walisema zisiingie kabisa katika mji wa kale. Vijana wakajibu kwamba bahari haitoi tena kama ilivyokuwa ikiwatolea baba zao, na kwamba pikipiki ndiyo riziki ya watoto wao. Kila upande ulitaka niuunge mkono. Nilinyamaza, na sababu ya kunyamaza kwangu nitaieleza.

Mji huu haukujengewa magari. Katika vichochoro vyake vingi, punda wawili wenye shehena hawapishani mpaka mmoja arudi nyuma. Mwaka 2001 mji uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni huja kuutazama. Lakini kwa sisi tukaao ndani yake, kichochoro ni kama ua wa nyumba. Mtoto hutumwa dukani peke yake, na bibi mkongwe hutoka jioni kwenda kumjulia hali jirani. Ijapo pikipiki kwa kasi, mama aliyebeba mtoto hana pa kukimbilia ila kujibana ukutani. Kina mama walilalamikia jambo hili kabla yetu, ila malalamiko yao hayakufika barazani.

Ndugu zangu, dini yetu haikuiacha njia bila ya hukumu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha Maswahaba na kukaa njiani. Waliposema kwamba hawana budi na vikao vyao, aliwaamrisha waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kujizuia na udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Zingatieni kwamba hakuwafukuza, wala hakuwaachia wafanye watakavyo. Aliwapa ruhusa yenye masharti.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walishika mkondo huo huo. Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa sulhu, ameeleza kwamba katika njia ya wote halifanywi jambo la kuwadhuru wapitao, na mwenye kujenga juu yake sharti ainue jengo hata mtu apite chini yake akiwa amesimama wima. Tazameni wikio za mji wetu, vile vyumba viungavyo nyumba mbili juu ya njia. Mwenye nyumba amepata chumba, na mchukuzi apitaye chini yake mchana wa jua kali amepata kivuli. Hakuna aliyedhulumiwa.

Sasa nieleze sababu ya kunyamaza kwangu. Nilipokuwa nikitengeneza nyumba, niliacha rundo la mawe na mchanga kichochoroni kwa muda wa mwezi mzima, huku nikizisema pikipiki kila jioni. Usiku mmoja jirani yangu alikuwa akimpeleka mamake mgonjwa hospitali kwa mkokoteni, nao haukuweza kupita. Wakamwinua yule bibi mikononi, wakamvusha juu ya rundo langu. Asubuhi jirani alikuja, hakugomba. Alisema tu, "Sheikh, jana usiku mchanga wako ulitufungia njia." Nilimwomba radhi, na kabla ya Adhuhuri rundo lilikuwa limekwisha ondolewa. Bibi alipona, alhamdulillahi. Lau angekufa pale, ningejibu nini?

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Basi pikipiki zisimame pembezoni mwa mji, zisiingie vichochoroni, ila kwa dharura ya mgonjwa au mja mzito, tena kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Vijana nao watengewe mahali pazuri pa kungojea abiria, kwani haifai kumfungia mtu mlango wa riziki usimwonyeshe mwingine. Nao wakumbuke wasia wa Luqman kwa mwanawe, kwamba awe wa wastani katika mwendo wake na ateremshe sauti yake. Sisi wenye nyumba tuondoe marundo yetu, wala tusimwage maji machafu penye miguu ya watu. Na kikao kitakapoitishwa, kina mama waalikwe tangu mwanzo, maana wao na watoto wao ndio wavijuao vichochoro hivi kuliko sisi tukaao barazani.

Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Kila mmoja wetu na aanzie mbele ya mlango wake.

Ewe Mola, waongoze vijana wetu, wape riziki ya halali, na utujaalie tuwe ni amani kwa jirani zetu. Amin.