Neema na Usahaulifu

Julai 1975, jalidi iliunguza mibuni ya jimbo la Paraná, kusini mwa Brazil. Kwa kuwa hakuna nchi iliyozalisha kahawa nyingi kuliko Brazil, bei ilipaa, na mwaka 1977 ratili moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 3 katika soko la dunia. Kenya ikaneemeka. Huko Chepkube, chini ya Mlima Elgon, likaibuka soko la magendo ambako punda walishusha magunia ya kahawa kutoka Uganda. Haikuchukua muda bei ikashuka, mafuta nayo yakapanda mwaka 1979, na mwaka uliofuata serikali ikachukua mkopo wa marekebisho ya uchumi kutoka Benki ya Dunia.

Kwa nini neema hutukuta tukicheka na kutuacha tumeduwaa? Sababu moja ni mazoea, na wahenga walisema mazoea yana taabu. Mwaka 1979, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba mtu hapimi mali kwa wingi wake. Huipima kuanzia pale alipokwisha kuzoea, na kupoteza humuuma kuliko kupata kiasi kilekile kunavyomfurahisha. Familia iliyozoea chai ya maziwa na shule ya bweni, kipato chake kikirudi kilivyokuwa miaka mitano nyuma, hujiona imefukarika, ingawa wakati ule iliishi kwa kipato hichohicho bila manung'uniko.

Sababu nyingine ni kumbukumbu. Tunalidhania jambo kuwa karibu au mbali kulingana na wepesi wa kukumbuka mifano yake, na miaka ya shibe hufifisha mifano ya njaa. Utafiti wa Ulrike Malmendier na Stefan Nagel, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa Wamarekani walioishi katika miaka mibaya ya soko la hisa waliendelea kuziogopa hisa kwa miongo mingi. Vijana, wenye miaka michache ya kukumbuka, waliyumbishwa zaidi na matukio ya karibuni. Usomi hausaidii sana hapa: Oktoba 1929, siku chache kabla ya soko la New York kuporomoka, mchumi mashuhuri Irving Fisher alitangaza kuwa bei za hisa zimefika juu na zingebaki huko. Utajiri wake ukapukutika.

Hata hivyo, wachumi David Bevan, Paul Collier na Jan Willem Gunning walipoichunguza neema ile ya kahawa, waligundua kuwa wakulima wa Kenya waliweka akiba sehemu kubwa ya pato la ziada. Serikali ndiyo iliyopanua matumizi, kisha ikashindwa kuyapunguza. Wakulima walijua kilichopandisha bei ni jalidi, na mbuni mpya huchukua miaka mitatu au minne tu kuzaa. Hazina ilipokea fedha zake kupitia kodi na ushuru wa kila aina, na fedha iliyochanganyika hivyo ni rahisi kudhaniwa ya kudumu.

Basi kipato kikipanda, kabla ya kupanga matumizi tujiulize kimepandishwa na nini, na hicho kitadumu hadi lini. Jibu likikosekana, nyumba ya mkopo na gharama nyingine zisizorudi nyuma zingoje kwanza.